Simu ya Muuguzi Ihesabiwe Kuwa Kazi

Mzee mwenye kisukari anayehudhuria kliniki mara moja kwa mwezi hukaa mbele ya mhudumu wa afya siku 12 kwa mwaka. Siku 353 zinazobaki, ugonjwa wake uko mikononi mwake mwenyewe, au mwa mjukuu aliyerudi likizo, au mwa binti wa kazi aliyeanza kazi wiki iliyopita, au mwa jirani anayeweza kusoma namba kwenye kioo cha mashine ya kupimia sukari. Ni ndani ya siku hizo ndipo sukari hushuka alfajiri, ndipo lengelenge dogo la kidole cha mguu hugeuka kidonda, ndipo vidonge huisha kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Kliniki hupata habari hizi zikiwa zimepoa, na mara nyingi haizipati kabisa kwa sababu mzee hakuulizwa, au aliulizwa mbele ya watu akaona haya kueleza.

Wapo wauguzi wa Dar es Salaam ambao wameliona pengo hili wao wenyewe na kulijaza kimyakimya. Humpa mgonjwa namba ya simu, humwambia apige akizidiwa, na jioni wakiwa kwenye daladala hupokea simu za watu ambao hawamo tena katika zamu yao. Wanatumia vocha yao, muda wao na akili yao, na hakuna daftari linaloonyesha kwamba kazi hiyo ilifanyika. Hoja yangu ni kwamba muuguzi anayempigia mzee simu kwa ratiba, akimfahamu kwa jina, akiwa na mwongozo unaomruhusu kuchukua hatua, anaweza kuokoa wazee wengi kuliko vifaa tunavyoahidiwa kila mwaka kwenye makongamano. Na kwamba hatutampata muuguzi huyo kwa uhakika mpaka simu yake iingizwe katika ratiba ya zamu, iwe na saa zake, malipo yake na kumbukumbu zake.

Ukubwa wa tatizo unajulikana kwa sehemu. Uchunguzi uliofanyika katika vijiji vya Tanzania na kuchapishwa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa takribani asilimia 1 ya watu wazima. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kiwango cha asilimia 9.1 miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Tafiti hizi mbili haziwezi kuwekwa kwenye mizani moja, kwa kuwa ya kwanza ilikuwa ya vijijini na ya pili ilihusu nchi nzima, lakini mwelekeo wake hauna ubishi, hasa kwa jiji ambalo sensa ya mwaka 2022 ililihesabia watu 5,383,728. Kinachonigusa zaidi katika takwimu ya 2012 ni mpaka wake wa umri. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humtambua mzee kuanzia miaka 60, ilhali utafiti uliishia 64; maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya wazee wetu, wale wa miaka 65, 70 na 80, ambao kwao kisukari ni cha kawaida zaidi na ni hatari zaidi, walikuwa nje ya hesabu. Mipango iliyojengwa juu ya takwimu hizo ilianza kwa kumwangalia mfanyakazi mwenye kitambi, na mzee akachukuliwa kuwa mtu yuleyule aliyeongezewa miaka.

Tumchukue mama wa miaka 72 anayeishi Chanika, ambaye kliniki yake iko Ilala. Siku ya kliniki ameambiwa aende bila kula ili apimwe sukari ya asubuhi. Anaondoka giza halijaisha, anapanda daladala, anapita Gongo la Mboto na kuifuata Barabara ya Nyerere kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 20, na wakati wa masika safari hiyo inaweza kumla asubuhi nzima. Wapo wazee wanaomeza kidonge chao kama kawaida asubuhi hiyo kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba kidonge kinakwenda na chakula. Hao hufika kliniki wakiwa na jasho jembamba na maneno yasiyoshikana, na wanaoketi karibu nao hudhani ni uchovu wa safari. Anapimwa uzito, presha na sukari, anasikiliza somo la pamoja kuhusu mlo, anangoja zamu, anaonana na daktari kwa dakika chache, anakwenda dirisha la dawa. Namba moja huandikwa kwenye kadi yake. Namba hiyo inaeleza hali ya damu yake saa mbili asubuhi ya siku moja, na haisemi lolote kuhusu saa nane usiku wa juzi.

Kipo kipimo cha HbA1c ambacho huonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3 iliyopita, na pale kinapopatikana ni msaada mkubwa. Hata hivyo wastani huficha mabonde na vilima. Mzee ambaye sukari yake hupanda sana mchana na kushuka sana usiku anaweza kuwa na wastani mzuri wa kusifiwa.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote. Tumezoea kufikiri kwamba adui wa mgonjwa wa kisukari ni sukari iliyopanda, na kwa kijana wa miaka 40 hofu hiyo ina msingi, kwa maana macho, figo na mishipa yake ina miongo mingi ya kuumia. Kwa mzee, hatari iliyo karibu zaidi ni sukari kushuka. Ikishuka chini ya 3.9 mmol/L, kipimo kinachosomwa kwenye mashine ya sukari, mwili wa mtu mzima hutoa ishara: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla. Kwa mzee ishara hizo hufifia, na akiwa anameza dawa za presha za kundi la atenolol au propranolol, mapigo ya moyo na mtetemeko huzimwa na dawa yenyewe. Kinachobaki ni kuchanganyikiwa, kuyumba, hasira isiyo na sababu, usingizi usioamshika. Nyumbani watu husema uzee umeingia, wengine huhisi kiharusi, wengine humtafutia dua. Anaanguka chooni usiku, anavunjika nyonga, na anapofikishwa hospitali huandikiwa kwamba ameanguka, wakati chanzo cha anguko kimekwisha kupita kwenye damu.

Chanzo kimoja kinajulikana na kinaweza kuondolewa. Glibenklamidi ni kidonge cha zamani cha kushusha sukari, cha bei nafuu, ambayo hufanya kazi kwa muda mrefu na hukaa mwilini zaidi pale figo zinapopungua nguvu, jambo ambalo ni la kawaida kwa wazee. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, limeandika wazi kwamba glibenklamidi haiwafai watu wenye umri wa zaidi ya miaka 60, na limeitanguliza gliklazidi, dawa ya kundi hilohilo. Pamoja na hayo, mzee anaweza kuwa nayo ndani ya kabati kwa sababu aliandikiwa miaka mingi iliyopita, au aliinunua duka la dawa siku ambayo kituo kiliishiwa, au alipewa na mwenzake wa kliniki. Daktari anayemwona kwa dakika chache husoma kilichoandikwa kwenye kadi, wakati kilichopo kabatini hakimfikii. Muuguzi kwenye simu anaweza kusema, "Mama, naomba umwite mjukuu anisomee jina lililo kwenye kila pakiti," na kwa dakika tatu akajua jambo ambalo kliniki haikulijua kwa miaka. Ikiwa vidonge vimo kwenye vile vifuko vidogo visivyo na jina, hilo nalo ni jibu, na mzee ataombwa aje navyo vyote siku ya kliniki.

Kwa sababu hiyohiyo, lengo la matibabu halipaswi kuwa moja kwa watu wote. Mwongozo wa Chama cha Kisukari cha Marekani huruhusu HbA1c ya chini ya asilimia 8 kwa mzee mwenye maradhi kadhaa au aliyepungukiwa na kumbukumbu, wakati mzee mwenye afya njema hulengwa chini ya 7 hadi 7.5 hivi. Sidhani kwamba familia nyingi za Dar es Salaam zimeelezwa jambo hili. Watoto huona 9.5 mmol/L kwenye mashine ya sukari wakapaniki, wakamnyima mzee chakula cha jioni, na dozi ya usiku ikabaki ileile. Mtu wa kuwatuliza kwa sauti anayoifahamu familia hiyo, saa ileile ya jioni, angezuia hatari ambayo wao wenyewe wanaitengeneza kwa mapenzi.

Simu ya uuguzi inapofanywa vizuri ina ufundi wake, na ufundi huo huanza na salamu. Muuguzi kijana huamkia, mzee huitikia marahaba, kisha hufuata kuulizana ameamkaje, wajukuu wanaendeleaje, mvua imewaachaje. Msimamizi anayetazama saa ataona dakika zinapotea. Lakini katika dakika hizo muuguzi anasikia kama maneno yanatoka sawasawa, kama pumzi inakatika, kama mzee anajibu alichoulizwa, kama leo ni mzito kuliko wiki iliyopita. Na hawezi kuyasikia hayo kama hana wiki iliyopita ya kulinganisha. Ndiyo maana nasisitiza mtu mmoja kwa mzee mmoja, kadiri inavyowezekana. Kituo cha simu chenye sauti mpya kila mara kinaweza kutoa maelezo sahihi, na bado kikashindwa kutambua kwamba Bibi fulani, ambaye huwa mcheshi, leo anajibu kwa neno mojamoja.

Baada ya salamu, namna ya kuuliza ndiyo inayoamua. Ukimwuliza mzee kama anafuata mlo, atasema ndiyo, kwa heshima na kwa kutotaka kugombezwa. Ukimwuliza jana usiku alikula nini, saa ngapi, na kama alikula kabla au baada ya sindano ya insulini, atakwambia. Na mara nyingine atakwambia jambo ambalo halimo katika somo lolote la mlo: kwamba jana hakukuwa na chakula cha jioni, alikunywa chai ya rangi, na sindano alichoma kama ilivyoandikwa kwa sababu aliambiwa asiruke dozi. Umaskini wa chakula pamoja na dozi kamili ya dawa ni mchanganyiko unaoua, na kwa maoni yangu ndilo swali ambalo halikupaswa kukosekana katika simu hata moja.

Miguu inahitaji macho ya mtu mwingine. Kisukari kikikaa muda mrefu huua hisia za nyayo, hivyo mzee aliyekanyaga msumari au aliyeunguzwa na maji ya moto huenda asilalamike, kwa kuwa haumii. Kazi ya Dk. Zulfiqarali Abbas hapa Dar es Salaam imeonyesha kwa miaka mingi jinsi vidonda hivi vinavyofika hospitalini vikiwa vimechelewa, na jinsi kuchelewa huko kunavyogharimu miguu na maisha. Mzee mwenye goti bovu na macho yenye ukungu hawezi kukagua katikati ya vidole vyake. Muuguzi humwomba aliye nyumbani afanye hivyo huku simu ikiwa wazi, aeleze anachokiona, na akiwa na simu yenye kamera atume picha. Kidonda chenye harufu, chenye weusi au chenye uvimbe unaopanda hakihitaji mazungumzo zaidi. Mzee anapelekwa siku hiyo.

Insulini nayo ina maswali yake. Chupa ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzijoto 2 na 8, na iliyofunguliwa hutumika kwa takribani wiki 4 ikiwa mahali pasipo na joto kali. Joto la Dar es Salaam la Desemba hadi Machi hupita nyuzi 30 kwa urahisi, na friji ya nyumba nyingi huzimika LUKU ikiisha. Chungu cha udongo kilicholowanishwa na kuwekwa kivulini hupunguza joto na ni njia inayokubalika, lakini lazima mtu aelezwe namna ya kukitumia, na aulizwe tena baada ya siku chache kama maji bado yanawekwa. Muuguzi huuliza pia kama mzee anachoma palepale kila siku mpaka pakafanya uvimbe, na kama chupa ya insulini yenye ukungu inaviringishwa mikononi kabla ya kuvutwa. Haya ni mambo madogo ambayo hufundishwa mara moja siku ya kwanza ya sindano, siku ambayo mgonjwa amejaa hofu na hasikii nusu ya anachoambiwa.

Simu haipimi figo, haichunguzi macho, haishiki mapigo ya mguu. Mzee anayetapika mfululizo, mwenye maumivu ya kifua au aliyechanganyikiwa ghafla hatibiwi kwa simu.

Sasa kuhusu chombo chenyewe. Wanaobuni programu za simu janja kwa ajili ya wagonjwa wa kisukari wana nia njema, lakini mzee ninayemzungumzia anatumia kitochi, pengine chenye laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mwanawe, na hukiweka juu ya kabati ambako hakisikiki. Sauti ya kawaida ya simu inamfikia. Programu haimfikii, na ujumbe mfupi humfikia tu ikiwa kuna wa kumsomea. Lipo pia tatizo ambalo mtu wa nje ya Tanzania asingelifikiria kwa haraka. Wazee wetu wamechoshwa na matapeli wa "ile pesa itume kwenye namba hii," na wameonywa na watoto wao wasizungumze na namba wasiyoijua. Namba ngeni inayomwita mzee kwa jina na kumuuliza habari za ugonjwa wake itakatwa, na itakuwa haki kuikata. Kwa hiyo huduma hii haiwezi kuanzia hewani. Lazima ianzie kliniki, uso kwa uso: muuguzi ajitambulishe, namba moja ya kituo iandikwe kwenye kadi na kuhifadhiwa kwenye simu kwa jina, siku na saa ya kupigiwa zikubaliwe, na mzee aambiwe kwa msisitizo kwamba namba hiyo kamwe haitamwomba fedha wala namba ya siri.

Ushahidi kwamba uuguzi wa mbali huwasaidia wazee upo, na una funzo ambalo linapaswa kusomwa kwa makini. Mradi wa IDEATel wa jimbo la New York, ulioanza mwaka 2000, uliwahusisha watu 1,665 wa miaka 55 na kuendelea waliokuwa katika Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani, na kuishi maeneo yenye upungufu wa huduma. Nusu yao waliwekewa mitambo ya video nyumbani na kuzungumza na wauguzi. Baada ya miaka 5, HbA1c ya kundi hilo ilikuwa imeshuka kwa takribani asilimia 0.29 zaidi ya kundi lililoendelea na huduma ya kawaida, na presha pamoja na lehemu zilipungua pia. Lakini gharama ilizidi dola 8,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka, na matumizi ya Medicare hayakupungua. Ninavyousoma mradi huo, faida iliyopatikana ilikuwa ya kiasi, na mitambo iliifanya iwe ghali kupita thamani yake. Nchi kama yetu, ambayo haiwezi kununua mitambo hiyo na haina sababu ya kuitamani, inaweza kuanza na sehemu iliyo nafuu, yaani muuguzi na simu ya kawaida, mradi ipime kwa uaminifu kama sehemu hiyo peke yake inatosha.

Wala hatuanzi gizani. Mwaka 2012 Tanzania ilianzisha Wazazi Nipendeni, huduma ya ujumbe mfupi wa bure kwa wajawazito kupitia namba 15001, na nchi nzima ikazoea wazo kwamba ushauri wa afya unaweza kuja kwa simu. Baadaye mfumo wa m-mama, kwa namba 115, uliunganisha simu na usafiri halisi wa mama mjamzito au mtoto mchanga aliye katika hatari. Tofauti kati ya huduma hizi mbili ndiyo ninayotaka wapangaji waizingatie. Ya kwanza hutoa taarifa. Ya pili huleta gari, kwa sababu upande wa pili wa simu yupo mtu mwenye uwezo wa kuamuru jambo litendeke. Mzee wa kisukari amekwisha kupewa taarifa nyingi. Anachokosa ni wa upande wa pili mwenye uwezo.

Uwezo huo ni suala la taaluma na sheria. Uuguzi nchini unasimamiwa chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 na Baraza lake, na muuguzi mwangalifu anayeulizwa kwa simu kama mzee ameze kidonge cha usiku ana kila sababu ya kusita, kwa maana likitokea la kutokea, jina lake ndilo litakaloitwa. Matokeo ni jibu linalojulikana na kila familia: njooni hospitali kesho. Dawa ya kusita huku ni mwongozo ulioandikwa na kutiwa saini na daktari wa kliniki, unaosema kwa mgonjwa huyu, sukari ikiwa chini ya kiwango hiki kabla ya kulala, muuguzi aagize mzee anywe vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15, asitishe dozi ya usiku, na apigiwe asubuhi. Ningependa mamlaka ya kupunguza na kusitisha yatolewe kwanza, na ya kuongeza dozi yabaki kwa daktari, kwa kuwa kwa wazee kosa la kupunguza kwa siku moja hurekebishika kuliko la kuongeza.

Najua pingamizi litakalofuata: wauguzi ni wachache na foleni ni ndefu, tutawatoa wapi wa kukaa na simu? Tuhesabu. Muuguzi aliyetengewa saa 3 kwa siku, akitumia wastani wa robo saa kwa kila mzee pamoja na kuandika kumbukumbu, huwafikia wazee 12 kwa siku na 60 kwa wiki ya kazi. Akimpigia kila mmoja mara moja kwa wiki 2, ana wazee 120 chini ya uangalizi wake. Ikiwa wale walio imara miongoni mwao watapewa dawa za miezi 3 na kuja kliniki kila baada ya miezi 3 badala ya kila mwezi, foleni ya kliniki inapungua na sehemu ya saa hizo inarudi. Hesabu hii inasimama tu endapo dawa za miezi 3 zipo kweli dirishani na bima inaruhusu zitolewe kwa mkupuo. Zisipokuwepo, mzee ataendelea kuja kila mwezi kutafuta vidonge, na simu itakuwa mzigo juu ya mzigo. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao serikali ilizindua mpango wao mwaka 2024, wanaweza kuwa mikono ya muuguzi mtaani: kupima, kutazama mguu, kuhakiki kilicho kabatini. Wasigeuzwe kuwa mbadala wake.

Fedha zina mlango mmoja ulio wazi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na kanuni na vitita vya huduma ndivyo vitakavyoamua nini kinalipiwa. Utaratibu wa malipo uliojengwa juu ya mgonjwa kufika kituoni humwambia msimamizi wa kituo kwamba simu iliyomzuia mzee asilazwe ni hasara. Simu ya uuguzi iliyopangwa, iliyoandikwa na inayokaguliwa iwekewe bei yake katika kitita, hata kama ni ndogo. Vijiti vya kupimia sukari navyo viingie, walau kwa wanaochoma insulini na wanaotumia vidonge vinavyoshusha sukari, kwa sababu kumpa mzee mashine bila vijiti ni kumpa pambo la mezani.

Lipo jambo la faragha ambalo wataalamu wa teknolojia hulijibu kwa kutaja nywila. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihusu taarifa za afya, na lazima ifuatwe. Lakini hatari ya mzee mara nyingi imo sebuleni. Baba hawezi kueleza kwamba nguvu zimemwisha au kwamba mkojo humtoka usiku huku spika ya simu ikiwa wazi mbele ya mkwe wake. Mama hawezi kusema kwamba fedha ya dawa anayotumiwa na mwanawe wa Mbezi hugawanywa kabla haijamfikia, ikiwa aliyeshika simu ndiye mgawaji. Muuguzi aulize kwanza nani yuko karibu, na atenge sehemu ya mazungumzo isiyo na msikilizaji. Watoto wanaolipia matibabu watataka ripoti, na ni haki yao kujali, lakini mzee mwenye akili timamu ndiye wa kuamua wapewe nini. Mlipaji wa dawa hajanunua siri za mama yake.

Kama nikiulizwa tuanzie wapi, ningejibu mwezi wa Ramadhani, katika kliniki chache za Temeke, Ilala na Kinondoni ambako wazee wengi hufunga na wengi wao hawamwambii daktari. Mwaka 2014 Senegal ilitumia mwezi huohuo kuanzisha huduma yake ya ujumbe wa simu kwa wagonjwa wa kisukari, pamoja na Shirika la Afya Duniani, na sababu yake ilikuwa ya wazi: ratiba ya kula na ya dawa hupinduka kwa siku 29 au 30 mfululizo, kisha futari yenye tambi, kalimati na vinywaji vitamu hupandisha sukari ghafla jioni. Mwongozo wa kimataifa wa kisukari na Ramadhani unataka mgonjwa afungue pale sukari inaposhuka chini ya 3.9 au kupita 16.6 mmol/L, na wanazuoni wengi wanakubali kwamba kujitoboa kidole ili kupima hakubatilishi funga. Muuguzi angewapigia wazee wake wiki chache kabla ya mwezi kuandama, ili walio katika hatari kubwa wazungumze na daktari na imamu wao mapema na dozi za wengine zipangwe upya. Kisha angewapigia mchana, katika saa za mwisho kabla ya magharibi, wakati ambapo sukari huwa chini zaidi.

Mwezi mmoja una mwanzo na mwisho, hivyo matokeo yake yanaweza kuhesabiwa bila kungoja miaka. Kila kliniki iandike ni wazee wangapi walishuka sukari, wangapi walilazwa, dozi ngapi zilibadilishwa kwa mwongozo, simu ngapi zilipigwa na wazee wenyewe nje ya ratiba, na ngapi kati ya hizo hazikupokelewa. Hesabu hiyo ya mwisho ifike mezani kwa mganga mkuu wa mkoa kabla ya nyingine zote, pamoja na majina ya wauguzi waliozipokea zilizobaki na saa walizofanya kazi, ili walipwe.